Naweza kugombea wadi na bado nikabaki mama wa jumuiya?

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Nina miaka 46, nimefunga ndoa kanisani, tuna watoto wanne. Kwa miaka sita nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo na pia katibu wa akina mama wa parokia. Tangu mwaka jana watu wa wadi yetu, hata wasio Wakatoliki, wananisukuma nigombee uwakilishi wadi mwaka 2027, kwa sababu nilisimama nao wakati wa vita vya kisima na zahanati. Mume wangu amekubali, lakini shingo upande. Nilipomwendea paroko anipe baraka, aliniambia nikitangaza nia, niachie uenyekiti siku hiyohiyo. Nililia. Niliona kama nimefukuzwa nyumbani kwetu. Rafiki yangu wa sala anasema siasa ni uchafu, mwanamke mcha Mungu hafai kuonekana huko. Tena kiongozi mmoja mkubwa wa chama kinachonitaka aliwahi kusema hadharani kwamba utoaji mimba uruhusiwe. Mimi ni mhafidhina na sioni haya kusema: mtoto ni mtoto tangu mimba inapotungwa, ndoa ni ya mume na mke, baba ni kichwa cha nyumba. Mwanamke mwenye imani kama yangu akigombea, hajipingi mwenyewe? Na nikisimama kwa tiketi ya chama hicho, nitaendelea kukomunika?"

Milele na milele, amina. Pole kwa machozi, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ingawa maswali ni mengi, kinachokuuma naona ni kimoja: ule mlango wa paroko. Uliingia ukitafuta baraka, ukatoka umeambiwa uache kiti. Nitaanzia hapo, ijapokuwa swali la komunyo ndilo linalokutisha zaidi.

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unajibiwa na mtu anayekucheka kisogo. Nafundisha mafundisho jamii ya Kanisa chuoni, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na mimi pia ni mhafidhina. Nikienda Misa nafunika kichwa. Ijumaa kwetu hakupikwi nyama, na wanangu walishachoka kuuliza kwa nini. Kuhusu mtoto aliye tumboni sitegemei kubadilika hadi naingia kaburini. Kwa hiyo nitakayokuambia hayatoki kwa mtu anayetaka ulegeze imani ndipo uingie siasa.

Paroko hakukufukuza. Rudia maneno yake uone: hakusema kugombea ni dhambi, wala hakukwambia usigombee. Aliyekatazwa kushika madaraka ya serikali ni yeye. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 285, zinamzuia padre kuchukua kazi ya umma yenye mamlaka ya kutawala raia, na ya 287 inamweka mbali na shughuli za vyama vya siasa. Mlei, yaani Mkristo asiye padre wala mtawa, hajazuiwa popote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1964 kwamba shughuli za dunia ndizo shamba alilokabidhiwa mlei alilime, na mwaka uliofuata ukawasifu kwa jina wale wanaojitoa kubeba mzigo wa utumishi wa umma. Kwa hiyo ukigombea hutakuwa umemkimbia Mungu ukaenda kwa Kaisari. Utakuwa unalima shamba lako.

Lakini iko kanuni nyingine, ya 227, fupi mno, ambayo huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni siku ya kwanza ya muhula. Inasema mambo mawili kwa pumzi moja. Mlei ana uhuru katika mambo ya nchi yake kama raia mwingine yeyote. Na katika yale ambayo Kanisa limeyaacha wazi, asitoe maoni yake kana kwamba ndiyo mafundisho ya Kanisa. Ukiielewa hiyo, nusu ya barua yako imejibiwa. Unagombea kwa jina lako mwenyewe. Ukishinda, umeshinda wewe. Ukiboronga, umeboronga wewe. Kanisa si mtoto wa kufunga mgongoni ili wapita njia wakuonee huruma wakupe kura.

Sasa tushuke kutoka kwenye kanuni, tuingie sebuleni. Ni jioni, jumuiya imekutana kwa mama fulani. Viti havikutosha, vijana wamekalia kreti za soda. Mko nyumba ishirini na kitu, makabila matatu, vyama vinne. Umefunguliwa mkutano kwa wimbo, Injili imesomwa, na sasa unasoma daftari: nani ametoa mchango wa matanga, nani bado, nani amelazwa, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Daftari hilo, dada, hakuna meneja wa kampeni wadi nzima asiyelitamani. Lina majina, lina namba za simu, na lina kitu ambacho hakinunuliki: lina shida za watu. Ukimpigia mzee mmoja simu kumpa pole kwa kuwa mkewe kalazwa, leo anajua aliyepiga ni mwenyekiti. Ukishatangaza nia, atajuaje? Wewe utaijua nia yako. Yeye atakisia. Na jirani yake anayempigia debe mpinzani wako hatakisia hata kidogo, yeye atakuwa na hakika.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa nguzo ya uchungaji, katika mikutano yao ya 1973 na 1976 pale Nairobi, walitaka Kanisa lisiwe ukumbi wa kukutania Jumapili tu, liwe mahali ambapo jirani anamjua jirani. Kujuana huko ndiko kunakozifanya zivunjike upesi siasa ikiingia. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hili kwa vitabu. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mwanzoni mwa 2008 ndugu zetu wa NCCK, baraza la makanisa la Kenya, waliomba radhi hadharani, wakakiri kwamba viongozi wa dini walikuwa wamechukua pande. Sisi Wakatoliki tusijifanye tulikuwa tumekaa mbinguni tukitazama.

Nina la kuungama hapa, na nalieleza kwa sababu limenifundisha kuliko shahada zangu. Mwaka 2010, wakati wa kura ya maoni ya katiba, maaskofu wetu walitusihi tuipinge rasimu, hasa kwa ajili ya kifungu cha 26 kinachohusu uhai. Nilikuwa nao bega kwa bega, nyekundu kabisa. Unakumbuka kijani ilikuwa Ndiyo na nyekundu La. Basi Jumamosi moja nikasimama jumuiyani, mwalimu mzima, nikasema atakayepiga Ndiyo atakuwa amemwaga damu ya watoto na asithubutu kupanga foleni ya komunyo. Alikuwepo mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa akifika kabla ya wote na kufagia uwanja wa wenye nyumba bila kuambiwa. Hakusema kitu. Katiba ikapita, kwa takriban thuluthi mbili ya kura, na yule mama akaacha kuja. Mwaka mzima. Nilipokwenda kumtafuta aliniambia, bila hasira, "Mwalimu, mimi nilipiga Ndiyo kwa sababu ya maji. Walisema kaunti italeta maji. Nimebeba maji kichwani tangu niolewe." Halafu akaongeza, "Na wewe ulisema nisipokee Yesu."

Niliyoyasema hayakuwa mafundisho ya Kanisa. Maaskofu walipinga rasimu, naam, na walikuwa na sababu nzito. Lakini hukumu ile ya komunyo niliitunga mimi, nikaivika joho la Kanisa. Mtu anayepigia kura mswada wenye mambo mia kwa ajili ya jambo jema, huku halitaki lile ovu lililomo, si sawa na mtu anayepiga kura kwa ajili ya lile ovu. Angeweza kuwa amekosea kupima, hilo ni jambo jingine. Nilikuwa najua tofauti hiyo, naifundisha. Ila siku ile nilikuwa na kiti, na kiti kilinipa sauti kubwa kuliko niliyostahili. Paroko wako anapokuambia uachie kiti, pengine anakukinga na jambo kama hilo.

Nisimtetee kupita kiasi. Angeweza kukuambia kwa upole zaidi, mmekaa, na kikombe cha chai mkononi. Na kwa kuwa sheria ya Kanisa zima haimlazimishi mwenyekiti wa jumuiya ajiuzulu, una haki ya kumuuliza: huu ni utaratibu wa jimbo, wa parokia, au ni uamuzi wako, Padre? Je, unawahusu wagombea wote, hata yule mwanamume wa baraza la parokia anayetafuta ubunge? Nikishindwa, naweza kuchaguliwa tena? Kanuni ya 212 inakupa ruhusa ya kumweleza mchungaji wako unachofikiri, kwa heshima. Lakini jumuiya unabaki nayo. Unaacha uenyekiti, huachi kukaa kwenye kreti ya soda ukasali na wenzako.

Rafiki yako wa sala naye tumjibu. Siasa ni uchafu, sawa, na jikoni pia kuna masizi, lakini chakula hutoka huko. Papa Pius XII, ambaye hakuna mtu atakayemwita mwanamapinduzi, aliwaambia wanawake wa Italia mwezi Oktoba 1945, kabla hawajapiga kura yao ya kwanza mwaka uliofuata, kwamba kushiriki mambo ya umma ni wajibu wao, kwa sababu yanayoamuliwa huko yanaingia mpaka nyumbani kwao. Hiyo ni miaka karibu ishirini kabla ya Mtaguso. Katarina wa Siena katika karne ya 14 alimhimiza Papa Gregori XI atoke Avignon arudi Roma, na hakuwa hata na cheo cha katibu wa akina mama. Hapa kwetu, Wangari Maathai alisomeshwa na masista, akiwa msichana alikuwa Lejioni ya Maria. Aligombea ubunge 1997 akaanguka, akarudi 2002 akashinda Tetu. Sikubaliani naye kwa kila neno alilosema baadaye, lakini aliyepigwa virungu akitetea msitu wa Karura hawezi kuambiwa na mimi kwamba alipaswa kukaa nyumbani asali rozari tu. Rozari huweza kusaliwa ndani ya matatu ukienda kwenye kikao cha bajeti. Najua, maana husali hivyo.

Kuhusu baba kuwa kichwa cha nyumba: umelisema kama kwamba linakuzuia, na hapo nadhani umechanganya nyumba na wadi. Mtume Paulo katika Waefeso sura ya 5 anazungumza na wanandoa, na kabla ya kumwambia mke chochote ameshawaambia wote wawili watiishane katika kumcha Kristo. Hakuandika kanuni za nani awe mwakilishi wadi. Mwanamke yule wa Mithali 31 anayesomwa kwenye kila harusi hukagua shamba akalinunua mwenyewe, na Debora aliwaamulia Waisraeli kesi zao akiwa mke wa mtu. Kwa hiyo hujipingi. Ila neno lako "shingo upande" lilinifanya niinue macho kwenye karatasi. Hilo ndilo ningekuwa wewe ningelishughulikia kabla ya chama, kabla ya paroko, kabla ya mabango.

Mwanamume akikubali shingo upande, mara nyingi anaogopa mambo matatu ambayo hatayasema: aibu ya kuitwa mume wa mheshimiwa, simu za usiku za wanaume asiowajua, na shamba. Hasa shamba. Nimewaona wagombea wakiuza kipande cha ardhi kwa ajili ya mchujo tu, kabla hata ya kampeni yenyewe kuanza. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzako, lakini idhini ya shingo upande ni idhini pia mbele ya benki, na mkiishaanguka hakuna atakayewarudishia. Kaeni wawili, chukueni kalamu, andikeni kiwango ambacho hamtakivuka hata mambo yakiharibika wiki ya mwisho. Kisha muulize swali hili moja, na unyamaze usubiri hata dakika tano: "Unaogopa nini?" Akijibu "hakuna", hamjamaliza.

Sasa chama na komunyo. Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo watu wetu wanapotishana bure, na pia ndipo wengine wanapojidanganya.

Kanisa halina kigugumizi kuhusu utoaji mimba wa makusudi. Ni tendo ovu kwa asili yake, yaani hakuna mazingira wala nia njema inayoligeuza kuwa zuri. Mambo ya namna hiyo ni machache. Mengine mengi mno ni ya busara: kodi ya mkate, bima ya afya ya SHA, makato ya nyumba, basari igawanywe vipi, soko lijengwe wapi. Wakatoliki wawili wema, wametoka Misa moja, wanaweza kutofautiana juu ya Mswada wa Fedha wa 2024 na wote wakakomunika Jumapili inayofuata. Kosa la wahafidhina wenzangu ni kuyabeba mambo ya busara na kuyapandisha yawe dogma. Kosa la wale wa upande wa pili ni kuyashusha yale machache yaliyo maovu kwa asili yawe "maoni tu".

Halafu kuna swali la kushiriki. Mwanabodaboda anayempeleka mwizi akijua anakwenda kuiba, na anataka mgawo, ni mwizi mwenzake. Anayembeba abiria bila kujua chochote hana hatia. Katikati kuna ngazi nyingi: anayeshuku, anayejua lakini yuko mbali na tendo, anayejua na ana sababu nzito ya kubaki kwenye hiyo barabara. Maadili ya Kanisa huzipima ngazi hizo moja moja: unataka ovu lenyewe? uko karibu nalo kiasi gani? una sababu yenye uzito unaolingana? watu wataelewa vipi, watakwazika? Kugombea kwa tiketi ya chama ambacho kiongozi wake mmoja alisema neno baya, huku wewe unalikataa waziwazi, ni ushiriki wa mbali sana. Hicho peke yake hakikutoi kwenye meza ya Bwana. Kanuni ya 915 inahusu walio katika dhambi nzito iliyo hadharani na wanaong'ang'ania, na ya 916 inamwambia kila mtu ajichunguze. Kukubali fomu ya chama hakumo humo.

Kitakachobadilisha hali ni mkono wako wewe. Katiba yetu inasema maisha huanza mimba inapotungwa, na inakataza utoaji mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Sheria hizo zinatungwa na Bunge la Taifa. Mwakilishi wadi hazigusi. Lakini usilale. Zahanati na hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti, na bajeti yake mtaipitisha ninyi. Siku moja karatasi itakuja mezani ikiwa na maneno laini, na utatakiwa kuinua mkono. Ukiinua ukijua unagharimia uovu ule, hapo ndipo swali la komunyo linakuja kwa kweli. Na ikija sheria mbaya ambayo huna nguvu ya kuiondoa ila unaweza kuipunguza makali, Yohane Paulo II aliandika mwaka 1995, katika waraka wake wa Injili ya Uhai, kwamba mbunge anayejulikana wazi kuipinga anaweza kuunga mkono marekebisho ya kupunguza madhara. Zingatia "anayejulikana wazi". Kwa hiyo kabla hujapokea tiketi, waambie wakubwa wa chama kwa maandishi: juu ya jambo hili sitafuata mjeledi, yaani amri ya chama ya jinsi ya kupiga kura. Baki na nakala. Jibu lao litakuonyesha umeingia nyumba ya namna gani.

Wakikataa, una njia mbili. Chama kingine, nawe unajua vyama vyetu: leo kina rangi hii, kesho kimeungana na kile, ilani huandikwa wiki mbili kabla ya kura na hakuna anayeisoma. Au usimame bila chama. Kwa njia hii Katiba inataka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na upate wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi wakuunge mkono. Uchaguzi ni Agosti 2027, basi piga hesabu mapema. Utakuwa huru na hutakuwa na mtu wa kukulipia mawakala vituoni. Wengi huanguka hapo. Mimi, kwa tabia yangu, ningejitegemea. Lakini mimi sijawahi kugombea hata uenyekiti wa choo cha plot, kwa hiyo usinifuate kwa hilo.

Jambo jingine kuhusu neno "mhafidhina", na utanisamehe nikikugusa. Huwa tunalibeba neno hili kama linaishia chini ya kitovu: mimba, ndoa, mavazi. Leo XIII aliandika juu ya ujira wa haki wa mfanyakazi mwaka 1891, na Papa wa sasa alipochaguliwa Mei 2025 alisema alichukua jina Leo kwa kumkumbuka yeye. Huo nao ndio uhafidhina, tena wa kale kuliko sisi. Siku utakapopanda jukwaani kutetea uhai, mtu wa kwanza atakayekupima ni yaya wako. Unamlipa kiasi gani? Anakula mezani au anasubiri mabaki? Jumapili anapata saa ya kwenda Misa, au ninyi mnakwenda yeye anafua? Waraka wa Yakobo unasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele masikioni mwa Bwana. Nami niliwahi kumchelewesha wangu miezi miwili nikiwa na deni la jengo la parokia ambalo nililipa kwa wakati, nikapigiwa makofi.

Makofi hayo ndiyo yananileta kwenye pesa, ambayo hukuuliza ila utaulizwa. Watakuja: mama, kwaya haina sare, nyumba ya padre haijaezekwa, wewe sasa ni mheshimiwa. Novemba 2024 Rais alitoa pesa katika kanisa la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe, shilingi milioni 2.6. Wapo waliosema ni dharau. Mimi nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Ushauri wangu ni wa kihesabu tu: kama sadaka yako imekuwa mia mbili, iendelee kuwa mia mbili hadi kura zihesabiwe, na usikubali jina lako kutangazwa. Na wale wa barazani watakaokuuliza "mama, umetuachia nini?" wajue mapema kwamba hakuna. Kununua kura ni kosa la jinai katika sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016, na ni dhambi ya kuungama, yako na ya aliyepokea.

Yapo ambayo karatasi haiwezi kuyamaliza. Rudi kwa paroko kabla ya Kwaresima, na safari hii mpeleke mumeo. Mambo hubadilika paroko anapowaona wawili. Ukiona ndoa inaingia ufa, mwambieni awaelekeze kwa wanaoshughulika na familia jimboni, msingoje hadi baada ya kampeni. Chama kikikuwekea karatasi ya kiapo au mkataba mbele yako usiku kwa haraka, usitie sahihi. Ipeleke kwa wakili kwanza. Kama unaanza kukosa usingizi ukijiuliza kila saa kama umetenda dhambi, tafuta padre mmoja wa kukuongoza, uungame kwake huyohuyo kila mara, maana dhamiri yenye hofu ikizunguka kwa mapadre watano inapata majibu matano. Na vitisho, dada: mwanamke akigombea, huja. Ujumbe wa kwanza wa kutisha usiufute. Mwonyeshe mumeo, upeleke polisi, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Mwishoni mwa barua yako uliandika kwa penseli, kama mtu aliyeona haya, ukauliza kama unaweza kuvaa sare ya akina mama kwenye mikutano kwa kuwa ndiyo nguo yako nzuri kuliko zote. Hapana. Mtafute fundi akushonee gauni, refu kama upendavyo, rangi yoyote isiyo ya sare. Sare ivae Jumapili, na ukifika kanisani keti pale unapoketi siku zote. Wakikuita mbele wakutambulishe, baki umekaa.